Matundu ya Hewa ya Felisita

Nianze kwa kusema wazi kwamba mimi niko upande wa Felisita. Ni dada yangu, tumenyonya ziwa moja, na kila nitakalosimulia hapa nalisimulia nikiwa bado nina hasira na Violeth, ingawa miaka imepita na siku hizi ananipa mkono kanisani kama vile hakuna kilichotokea. Anayetaka habari ya katikati akaulize kwingine.

Wakati huo Bariadi ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Shinyanga. Zamani pamba yote ilikwenda chama cha ushirika, lakini miaka ile wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuingia, na kila kona ulikuta mzani na kijana mwenye kalamu sikioni. Maduka yakajaa vitu tulivyokuwa tunavisikia tu kwa waliofika Mwanza: sabuni za kunukia, mabomba ya plastiki, masinki meupe ya choo. Waliouza pamba vizuri wakajenga nyumba za bati, na neno jipya likaingia mjini, choo cha ndani. Mtu akikwambia nyumba yake ina choo cha ndani alikuwa anakuonya usimchukulie mchezo.

Felisita alikuwa anauza mitumba sokoni. Mumewe, Selestini, alifanya kazi stesheni ya reli ya Malampaka na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi nilikaa nao, nikishona kwa cherehani barazani. Walipoanza kujenga, Felisita alisema anataka choo na bafu ndani, lakini visinuke. Alikuwa ameona bafu la masista parokiani, lenye matofali ya matundu juu ya ukuta, kila tofali limetobolewa kwa umbo la ua, hewa ikipita bila mtu wa nje kuona ndani. Akaazima kwao kalibu ya kufyatulia matofali hayo na akayafyatua mwenyewe uani, jioni baada ya soko, miguu imejaa saruji. Kalibu yenyewe ilikuwa imevunjika kidogo, kwa hiyo kila ua lilitoka limepungukiwa petali upande mmoja. Masista walimwambia akae nayo tu. Akanunua na bomba refu la kutolea harufu ya shimoni.

Msimu wa kuchuma pamba ulipofika tulikwenda Sapiwi, kwenye shamba lao, tukakaa huko hadi pamba ikaisha. Aliyebaki kusimamia ujenzi ni Fredrick, mdogo wake Selestini, wakala wa kampuni moja ya pamba, mtu wa mashati ya kupigwa pasi. Naye alikuwa anamalizia nyumba yake mtaa huohuo. Violeth ndiye mkewe.

Tuliporudi nyumba ilikuwa imekamilika na kupakwa chokaa. Sinki jeupe lilikuwepo. Matofali ya maua hayakuwepo. Ukuta wa nje wa bafu ulikuwa mzima, bila tundu hata la kupitisha kidole, na ukuta wa ndani, ule unaotenganisha bafu na sebule, ulikomea juu kidogo ya mlango. Kutoka hapo kwenda juu ilikuwa wazi hadi kwenye kenchi za paa, maana silingibodi haikuwekwa. Bomba nalo halikuonekana.

"Shemeji, matofali yalivunjika wakati wa kuyapandisha," alisema Fredrick, macho makavu. "Na bomba lilipasuka. Lakini fundi kasema hewa itapita juu ya ukuta."

Hewa ilipita kweli. Ilipita na kila kitu kingine.

Tungeweza kuishi hivyo, watu wengi waliishi hivyo, kama Mzee Masele asingekuja. Huyu ni baba yao Selestini na Fredrick. Aliletwa kutoka kijijini kutibiwa macho, na kwa kuwa Selestini ndiye mkubwa, alifikia kwetu. Sasa kwetu Wasukuma baba mkwe na mke wa mwanawe huheshimiana kwa umbali. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni, na choo kimoja hawaingii hata iweje. Felisita alilijua hilo na alijipanga. Mzee atatumia kile choo cha zamani cha uani, kilichosafishwa na kuwekewa mlango mpya, na yeye atatumia cha ndani. Tuliona tumemaliza. Kila mtu katika ukoo ule angefanya hivyohivyo, kwa sababu desturi inazungumza habari za milango, na hakuna aliyefikiria masikio.

Jumapili moja Mzee alikuwa amekaa sebuleni na wazee wawili wa kanisa. Fredrick na Violeth walikuwepo. Felisita alirudi tumbo linamsokota, akapitia mlango wa nyuma, akaingia bafuni bila kujua kuna wageni. Sitaeleza zaidi. Aliyekaa sebuleni alisikia mwanzo mpaka mwisho, na kilichofuata hakikuhitaji masikio. Wazee wa kanisa walitazama sakafu. Violeth aliziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika. Mzee Masele aliinuka, akachukua fimbo na kofia yake, akatoka bila kuaga.

Alihamia kwa Fredrick. Alipofuatwa na Selestini kuombwa arudi, alijibu, "Siwezi kukaa nyumba ambayo mke wa mwanangu ananivulia nguo masikioni."

Hilo lingeweza kubaki la familia. Violeth hakukubali libaki. Alilipeleka kisimani, akalipeleka sokoni, akalipeleka hadi kwenye sala za jumuiya. Wiki haikwisha, dada yangu akawa na jina jipya: Redio. Wanawake walisimama mbele ya mitumba yake, wakainua blauzi, wakauliza, "Felisita, taarifa ya habari leo saa ngapi?" Kisha wakaondoka bila kununua, wakicheka hadi kwenye meza za maboga. Jumuiya iliyokuwa ikisali kwetu ikahamia kwingine. Nilimkuta dada yangu amekaa juu ya robota la nguo nyuma ya kibanda, analia kwa kung'ata upande wa kanga ili asisikike.

Na Violeth alikuwa bado hajashiba. Alianza kumnong'oneza Mzee kwamba Felisita alifanya makusudi, kwamba mwanamke wa namna hiyo hana adabu ya ukoo. Baada ya muda wazee wakamwita Selestini wakamwambia: baba yako asipoingia tena katika nyumba ile kwa ridhaa yake, mwanamke arudishwe kwao Maswa na ng'ombe wetu wa mahari warudi. Selestini alikuja kutueleza hayo huku anakunja na kukunjua kofia yake ya reli. Felisita alimsikiliza mpaka mwisho. Hakulia tena kuanzia siku hiyo, na mimi nilianza kumwogopa kidogo.

Alimwita fundi Joakim, mtu mfupi mwenye kikohozi. Joakim aliingia bafuni, akafunga mlango, akawasha sigara. Sisi tulisimama sebuleni. Moshi ulipanda, ukavuka juu ya ukuta, ukashuka taratibu kwenye viti.

"Mmeuona?" aliita kutoka ndani. "Huo ndio mdomo wa nyumba hii. Bafu linapumulia sebuleni."

Akatoka akaeleza. Ukuta wa ndani upandishwe hadi ugusane na bati, na pale linapokunjana bati pazibwe kwa saruji. Ukuta wa nje utobolewe juu kabisa, karibu na kenchi, maana hewa ya moto hupanda. Chini ya mlango pabaki nafasi ya vidole viwili, ili hewa safi iingie chini na chafu itokee juu. Shimoni litoke bomba lililopita paa, lipakwe rangi nyeusi jua liipashe moto hewa ya ndani iwe inapanda yenyewe, na juu livalishwe wavu wa nzi.

Felisita aliuliza kama si bora kuweka dirisha la luva, la vioo, kama la mganga mkuu. Joakim alitikisa kichwa. "Luva mtu anafunga akisikia baridi, halafu anasahau kufungua. Matundu hayana wa kuyafunga." Akatoka nje, akarusha vumbi kuangalia upepo. Alitaka kuyaweka upande wa uani. Felisita akamzuia: uani ndipo wageni wa kiume wanapokaa. Wakazunguka nyumba, wakabishana, Joakim akasema upande wa mashariki haufai, upepo wa kiangazi utarudisha harufu ndani. Mwishowe wakakubaliana upande wa magharibi, unaotazama shamba la mihogo, kusikokaa mtu.

Basi Felisita akatoa ile kalibu yenye upungufu, akaanza kufyatua upya. Hakuwa amemaliza alipopika uji, akaniambia tumpelekee Mzee kwa Fredrick, labda moyo wake umelainika. Mzee aliukataa uji bila kugeuka. Tukapita nyuma ya nyumba ya Fredrick kukwepa macho ya Violeth, na hapo Felisita akasimama ghafla nikamgonga mgongoni.

Juu ya ukuta wa bafu la Fredrick yalipangwa matofali ya matundu. Yalikuwa ya maua, na kila ua limepungukiwa petali upande mmoja. Bomba refu lilisimama pembeni, limepita paa, limenyooka.

Mimi nilitaka kupiga kelele palepale. Dada yangu alinishika mkono kwa nguvu hadi kucha zikaniingia, akanivuta hadi nyumbani, akaketi. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Milembe, wakwe wa Martha wanakuja lini?"

Martha ni binti ya Fredrick. Alikuwa amechumbiwa na kijana wa familia kubwa ya Maswa, wenye malori, na Violeth alikuwa ameshautangazia mji mzima. Wakwe walikuwa waje mwezi ule, kabla ya mvua.

"Basi nitasubiri," alisema Felisita.

Alisubiri huku anajenga. Ukuta ulipanda ukagusa bati. Matundu yakawekwa, bomba likasimama, jeusi. Alinifungia bafuni akaniambia niimbe kwa sauti yote, yeye akakaa kwenye kiti alichokuwa akikalia Mzee, akasikiliza. Palipovuja aliongeza saruji. Alimwaga maji, aligonga ndoo, alinituma niingie nikikohoa. Selestini alipokuja mwisho wa mwezi na kuambiwa habari ya matofali, alisema, "Mke wangu, yule ni ndugu yangu. Tulimalize ndani."

"Mimi niliaibishwa nje," Felisita akamjibu.

Asubuhi ya siku ya wakwe tulikwenda kwa Fredrick watatu, Felisita, mimi na Joakim mwenye nyundo na tindo. Felisita alikuwa amevaa vitenge vyake vya sikukuu. Turubai lilikuwa limeshatundikwa uani, nyuma ya nyumba, viti vimepangwa, masufuria yako jikoni. Mzee Masele alikaa mbele, chini ya upenu, na fimbo yake. Felisita alipiga magoti mbali naye, amempa ubavu.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka," alijibu Mzee, kwa shingo upande.

Violeth alitoka mbio, mikono imejaa unga. "Dada Felisita, karibu. Mbona na fundi?"

"Nimekuja kuchukua vitu vyangu vilivyovunjika."

Fredrick akatokea, shati halijafungwa vifungo. Alielewa haraka. "Shemeji, matofali ya maua yako mengi mjini hapa. Leo si siku ya hayo. Njoo kesho tuzungumze."

Desturi haikumruhusu Felisita kujibizana mbele ya baba mkwe, sembuse kumweleza yeye moja kwa moja. Kulikuwa na kuku anadonoa mbele yake. Akazungumza na kuku, kwa sauti iliyofika hadi barabarani.

"Wewe kuku, mimi nilifyatua matofali kwa mikono hii, ua lake limepungua petali kwa sababu kalibu ni mbovu. Nikaambiwa yamevunjika. Nikawekewa ukuta mfupi, nikamvunjia heshima baba wa mume wangu bila kujua. Nikaitwa Redio. Nikatishiwa kurudishwa kwetu. Sasa wewe kuku unayetembea nyuma ya nyumba hii kila siku, hujayaona?"

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa na ile kalibu ndani ya kikapu. Mzee aliinuka, macho yake yakiwa bado na ukungu, akanyoosha mkono, nikampa. Aliingiza vidole ndani akapapasa ile sehemu iliyovunjika. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba, sisi nyuma yake, akaagiza apewe kinu cha kupandia. Fredrick mwenyewe ndiye aliyekileta, na alimshikilia baba yake kiunoni asianguke. Mzee akapapasa ua la kwanza, la pili, la tatu. Akashuka.

"Chukueni," alisema, akarudi kukaa.

Violeth alianza kuomba. Aliomba kwa Kiswahili, akaomba kwa Kisukuma, akamwita Felisita mayu, yaani mama, akasema wakwe wako njiani, hata kesho tu, hata jioni. Nilimtazama vizuri huku anaomba. Nilitaka kuikumbuka ile sura, na nimeikumbuka hadi leo. Joakim aligonga tindo. Matofali yalitoka moja moja, mengine yakapasuka, na Felisita hakujali, hakuwa na haja nayo. Bomba likang'olewa. Ukutani likabaki pengo ambalo mbuzi angepitisha kichwa na pembe zake, nalo lilitazama moja kwa moja kwenye viti vya wageni, kwa sababu Fredrick aliiba matundu lakini hakuiba akili ya kuchagua upande. Violeth alitundika kanga kwenye lile pengo. Upepo ukaanza kuichezea.

Sisi tukaenda nyumbani, Felisita akapika kama siku nyingine.

Wakwe walifika mchana juu ya lori, wamekuwa wekundu kwa vumbi. Yaliyofuata nimeyapata kwa Martha mwenyewe. Mgeni aliyetoka mbali kwetu hapewi chakula kabla ya maji ya kuoga, na wale walikuwa wakwe. Mama wa bwana harusi alipelekewa ndoo bafuni kwa heshima zote. Aliingia, akaitazama ile kanga ikipepea, akaona nyuma ya kanga kofia za wanaume waliokaa chini ya turubai, na Fredrick, baba mkwe wa mwanawe, akiwa kiti cha mbele. Harufu ya shimo lisilo na bomba ilikuwa imeshaanza kupanda na jua. Akatoka bila kufungua hata kilemba.

"Wabeja," alishukuru kwa Kisukuma. "Sisi tutaoga Maswa."

Wote waliokuwepo walijua maana yake. Wanaume wa upande ule wakaanza kuvaa viatu. Martha alikuwa ndani analia.

Hapo Mzee Masele akashika fimbo yake. "Wakwe," alisema, "nifuateni mimi."

Mimi niliwaona kutoka barazani. Mzee alikuwa mbele, anapima njia kwa fimbo, nyuma yake msururu wa watu wenye vumbi, na kando ya barabara wanawake wa kisimani wametua ndoo zao wanatazama. Nilikimbia ndani kumwambia dada yangu. Alikwenda mlangoni, akaweka mkono kwenye komeo, akaacha hapohapo. Hodi ikapigwa. Hakufungua. Ikapigwa tena, na nikadhani anawafungia nje, na nakiri ningefurahi. Aliwaacha wasimame juani kidogo, kiasi cha mtaa mzima kuona nani anabisha hodi kwa nani. Kisha akafungua, akapiga magoti, akatazama pembeni.

"Mayu," Mzee alisema, "maji yapo?"

"Yapo, baba."

Akavuka kizingiti, akaenda moja kwa moja kwenye kiti chake. Wanawake wa Maswa wakaingia bafuni mmoja mmoja. Sebuleni watu walinyamaza. Mzee aliinamisha kichwa upande, akasikiliza kwa muda mrefu, huku ndani mama mzima anajimwagia ndoo nzima ya maji. Selestini alikuwa ameegemea ukuta.

"Nyumba imetulia," Mzee akasema mwishoni. "Chakula kiletwe huku. Leo tunakaa kwa Selestini."

Kikaletwa. Violeth alikibeba yeye, sufuria kichwani, akapita mbele ya wale wanawake wa kisimani aliokuwa akiwasimulia habari za Redio, na hakuna aliyemsalimia. Aliweka sufuria ya mwisho jikoni kwetu, akasimama karibu na mlango akifuta mikono isiyo na kitu.

"Dada," alisema, "nikusaidie kufanya nini?"

Maji ya bafuni yalikuwa yamekwisha na wanaume walikuwa bado hawajaoga. Felisita alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Hakuinuka. Alinyoosha kidole kuelekea ndoo tupu ya kisimani.

Kuna watu waliosema baadaye kwamba dada yangu angemwambia apumzike, kwamba ilikuwa imetosha. Mimi Violeth alipoinama kuichukua ile ndoo, nilimletea ya pili.